Chupa ya Kitanda Namba Sita

Jumamosi iliyopita tulimzika Mzee Ndahani kule Mkonze, na tangu nirudi kwenye chumba changu cha kupanga hapa Ipagala sijaongeza hata sentensi moja kwenye tasnifu yangu ya uzamivu. Sura ya kwanza inaeleza damu ya binadamu imeundwa na nini na hufanya kazi gani mwilini. Ni sura nyepesi kuliko zote, ile ambayo msimamizi wangu ananihimiza niimalize kwa juma moja ili tuingie kwenye mambo magumu, nami nimekwama hapo hapo. Kila ninapoandika kwamba chembe nyekundu hubeba oksijeni kutoka mapafuni, namwona mtu aliyenifundisha jambo hilo kabla ya maprofesa wote, amesimama kwenye dirisha la maabara, ameinua kichupa kwenye mwanga kama anayekagua yai. Nimeona afadhali niandike kwanza habari za mwaka mmoja niliofanya kazi chini yake, miaka kumi na tisa iliyopita, kwa usahihi ninaoweza, zikiwemo dakika nne ambazo sijawahi kuziandika mahali popote.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na stashahada mpya ya maabara, nimepangiwa hospitali moja ya Dodoma ambayo sina sababu ya kuitaja. Maabara yetu ya damu ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya wodi ya wazazi, chenye meza ya saruji, friji ya kuhifadhia chupa za damu, mashine ya kuzungusha sampuli iliyonguruma kama mashine ya kusaga, na saa ya ukutani ambayo Mzee Ndahani aliirekebisha kila Jumatatu kwa kusikiliza redio. Kiangazi vumbi jekundu liliingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, kwa hiyo kazi ya kwanza ya asubuhi ilikuwa kufuta. Alinipokea bila maneno mengi. Aliposikia kwamba mimi ni Mhehe, yeye akiwa Mgogo, alicheka kidogo, akasema, "Basi wameniletea mtani. Sasa nitakuwa nakutukana bila kuogopa barua ya onyo." Kisha akanipa kitambaa.

Somo la kwanza alinipa juma lile lile. Alikuwa ameacha kichupa cha damu kimesimama kwenye kishikilio tangu jioni ya jana yake, chenye dawa ya kuzuia kuganda, naye akaniita nikitazame.

"Unaona nini, binti?"

"Naona damu imetulia, mzee."

"Hilo hata asiyesoma analiona. Hesabu tabaka."

Nikahesabu. Juu kulikuwa na kimiminika cha rangi ya majani makavu, kikichukua zaidi kidogo ya nusu ya kichupa. Chini kulikuwa na wekundu mzito, karibu mweusi. Kati yake ulipita mstari mweupe mwembamba ambao ningeweza kuudhani ni mwanga tu. "Huo mstari ndio unaokulinda," alisema. "Humo mna chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe sahani zinazoziba ukijikata. Ni kidogo hivyo. Wekundu wa chini ndio unaobeba hewa. Na haya maji ya juu, plazma, watu huyadharau kwa sababu hayana rangi ya damu, lakini ndiyo yanayobeba chakula, chumvi, uchafu unaokwenda kwenye figo, na joto lenyewe la mwili. Tena ndimo wanamokaa walinzi wasioonekana kwa darubini." Alikuwa akizungumzia kingamwili. Nilijua neno hilo kwa ajili ya mtihani. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba lilikuwa ndani ya kitu cha rangi ya majani makavu nilichokuwa nikikimwaga kwenye sinki.

Leo nikisoma maandishi yangu mwenyewe kuhusu kingamwili hizo, yenye marejeo na majedwali, sioni nilipoongeza jambo la msingi juu ya maelezo yale. Mtu wa kundi O hana alama ya A wala ya B kwenye chembe zake nyekundu, na plazma yake ina walinzi dhidi ya zote mbili. Ukimwongezea damu ya kundi B, walinzi hao huishambulia mara moja: chembe ngeni hupasuka ndani ya mishipa, mgonjwa hutetemeka, mgongo humuuma, mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi, na figo zinaweza kusimama. Damu ambayo ingemwokoa mtu wa kitanda cha pili humuua mtu wa kitanda cha kwanza. Mzee Ndahani hakunieleza hilo kwa kunitisha. Alilieleza kwa sauti ile ile aliyotumia kuniambia sabuni imekwisha.

Tulikula pamoja saa saba, kwenye benchi lililokuwa kati ya friji na mlango wa nyuma. Mkewe alimfungashia ugali wa uwele na mlenda kwenye hotpoti, na tangu juma la pili hotpoti ilianza kuja na sehemu ya watu wawili. Sikujua kuula. Mlenda ulivutika kutoka kwenye bakuli hadi kwenye kidevu changu, nami nikawa naukimbiza kwa tonge, huku yeye akinitazama kwa utulivu wa mtu anayesoma kipimo. "Zungusha mkono, ukate! Mtani, mlenda haufungwi fundo." Sista Agnesi, nesi wa zamu katika wodi ya wazazi, alikuwa akipita kuchukua majibu, na kila mara aliuliza kama Mhehe amehitimu. "Bado yuko darasa la kwanza," Mzee Ndahani alijibu. "Lakini kwenye damu anafaa." Niliishi kwa sentensi hiyo ya pili kwa miezi.

Alikuwa na desturi moja ambayo sikuikuta tena popote nilipofanya kazi baadaye. Kila niliporudi kutoka wodini na kichupa, kabla hajakigusa, aliuliza: "Ulimwuliza jina, au ulimpa jina?" Mwanzoni nilidhani ni utani. Alinieleza kwamba akina mama wengi wanaofika kwetu kutoka vijijini, Wagogo wa mashambani, Wasandawe wa upande wa Chemba, huongea Kiswahili kama lugha ya pili, na wamelelewa kwamba mtu mwenye heshima akikuuliza jambo, humkatalii usoni. Ukimwambia, "Wewe ndiye fulani?" atakuitikia hata kama siye, kwa sababu adabu imemfundisha hivyo na kwa sababu anadhani wewe unajua zaidi. Kwa hiyo usimpe jina akubali. Mwulize, "Unaitwa nani, mama?" kisha ungoje, hata akichelewa. Nililishika somo hilo vizuri, nikalifuata kwa miezi saba. Nataka ieleweke kwamba sikufanya kosa kwa kutokujua.

Siku yenyewe ilikuwa katika majuma ya mwisho ya kiangazi, mvua zikingojewa. Mwanamke mmoja wa Mkonze aliyeitwa Maria alikuwa amejifungua mtoto wa kike alfajiri, na tangu hapo alikuwa akitoka damu bila kukoma. Fomu iliyofika maabara ilisema: Maria, kitanda namba sita, chupa mbili haraka. Nilichukua trei nikaenda. Kitu ambacho fomu haikusema ni kwamba baada ya kuiandika, Sista Agnesi alikuwa amemhamishia Maria kitanda namba moja, karibu na meza yake, ili amwone, na kitanda namba sita akapewa mama mwingine, Magreti, Msandawe aliyefika na mama yake mzazi siku mbili nyuma, naye akingoja kuongezewa damu wakati wowote. Nilimkuta amelala ubavu, midomo imepauka, kama nilivyotarajia mtu anayetokwa na damu alale. Nilikuwa na haraka. Nikasema, "Wewe ndiye Maria?" Akasema, "Ee." Mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda, alinitazama, akamtazama bintiye. Nikamtoa damu Magreti, nikaandika Maria.

Nimerudia mara nyingi kujiuliza kwa nini maabara yenyewe haikunikamata. Jibu ni rahisi na halifariji. Vipimo vyote vilikuwa sahihi. Nilidondosha dawa ya bluu, inayotafuta A, na ya njano, inayotafuta B, juu ya matone mawili ya damu. Tone la dawa ya njano likagandamana kama maziwa yaliyokatika, la bluu likabaki laini: kundi B. Nilitoa chupa ya B kwenye friji, nikapatanisha na plazma ya kichupa, nikazungusha, nikatazama, hakuna mgando. Damu ile ilipatana kabisa na mwenye kichupa. Hakuna mashine inayojua kwamba mwenye kichupa siye aliyeandikwa juu yake. Angeweza kulijua mtu mmoja tu, kwa swali moja, naye wakati huo hakuwepo mezani. Alikuwa barazani na shemeji wawili wa Maria, akiwashawishi wachangie damu ya kurudishia friji.

Nilimsikia kupitia dirishani nikiwa nafanya vipimo. Mkubwa wao alikuwa akisema ana ng'ombe wa kuchunga, damu ikimpungua ataanguka porini.

"Muongo huyo, mzee," mdogo wake akadakia. "Anaogopa sindano. Ng'ombe akikohoa mara moja tu, yeye ndiye wa kwanza kumdunga."

"Sasa leo zamu yako kuwa ng'ombe," Mzee Ndahani akamwambia. "Njoo, mimi sitakufunga kamba."

Wakacheka wote watatu, na yule mkubwa akaingia chumba cha kutolea damu akijifuta jasho. Mzee Ndahani alirudi mezani dakika chache baadaye bado anatabasamu, akapitia vichupa vyangu kimoja kimoja kwenye mwanga, akatia sahihi yake chini ya yangu. Hakuniuliza. Ilikuwa siku ya kwanza kutoniuliza, nami nilitambua, nikafurahi, nikidhani ni ishara kwamba sasa ananiamini. Chupa ilichukuliwa kwenda wodini, na Sista Agnesi aliianzisha saa saba na dakika tano.

Nilitoka na sahani yangu kwenda bombani, nyuma ya baraza ambako ndugu wa wagonjwa walikuwa wakila. Mama yake Magreti alikuwa ameketi na mwanamke wa Kigogo, na kwa kuwa mmoja hakujua lugha ya mwenzake yenye sauti za kugonga ulimi, na mwingine hakujua Kigogo, walikuwa wakizungumza Kiswahili.

"Mwanangu leo katolewa damu," mama yake Magreti alisema. "Binti akamwita Maria, naye akaitika."

"Maria? Si anaitwa Magreti?"

"Magreti. Sasa binti kavaa koti jeupe, utamkatalia? Nikasema labda hapa wakikutoa damu wote mnaitwa Maria."

Wakacheka mpaka yule wa Kigogo akaweka tonge chini. Kengele ya kumaliza muda wa kuona wagonjwa ikagongwa wakati huo huo, na kengele ile iligongwa saa saba na robo.

Kutoka bombani hadi kitanda namba moja ni mwendo wa kukimbia usiozidi dakika moja. Mimi nilisimama pale na maji yakiendelea kutoka. Nilifikiri, pengine wanamsema binti mwingine, ingawa nilikuwa binti pekee wa maabara. Nikaanza kukokotoa uwezekano kwamba Maria naye ni wa kundi B, nikiupima na uwezekano wa makundi mengine, kana kwamba jibu zuri lingemwongezea mtu chochote. Nikafikiri juu ya muda wangu wa majaribio kazini, uliobakiza miezi mitano. Nikafikiri kwamba nikinyamaza na akapona, hakuna atakayejua, na nikajikuta nikilifikiri hilo, nikashtuka, nikaanza kufikiri juu ya kushtuka kwangu. Mtu anayeweza kufikiri sana huitumia akili yake hivyo pia. Mzee Ndahani alinikuta nimeziba bomba kwa kiganja. Alisema, "Binti, nini?" nikamwambia kwa maneno matano. Alinisukuma begani, nami ndipo nikakimbia.

Maria alikuwa amejikunja, meno yanagongana, amejifunika shuka mbili katika joto la Dodoma. Nilifunga mrija kwa mkono wangu mwenyewe na kupaza sauti. Sista Agnesi aliandika kwenye faili: damu imesimamishwa saa saba na dakika ishirini. Tulimpima upya, nikimwuliza yeye mwenyewe jina lake, akilitamka kwa shida: alikuwa kundi O. Daktari aliagiza maji mengi ya mishipani na dawa za kusaidia figo, na chupa ya O iliyotolewa siku ile ile na shemeji yake aliyeogopa sindano ikapimwa na kupatanishwa haraka kuliko kawaida. Siku mbili mkojo wake ulikuwa mweusi. Siku ya tatu ulipungua mpaka ukakaribia kukatika, na metroni akaanza kuzungumza na mume wake kwa sauti ya chini. Siku ya nne ukarudi, siku ya nane ukawa safi. Nilikuwa nikiubeba mimi kwenda kuupima, asubuhi na jioni, na hakuna kitu nilichowahi kukitazama kwa makini kama mkojo ule.

Kikao kilifanyika ofisini kwa metroni, mume wa Maria akiwepo. Kosa la sampuli nilikiri mwenyewe, na likaandikwa kwa jina langu. Kisha metroni, ambaye alikwishazungumza na mama yake Magreti, akauliza swali nililoliogopa: kengele iligongwa saa saba na robo, damu ikasimamishwa saa saba na dakika ishirini, toa dakika moja ya kukimbia, dakika nne zilikwenda wapi? Nilifungua mdomo. Ninaamini nilitaka kusema kweli, lakini siwezi kuthibitisha, kwa sababu Mzee Ndahani alitangulia. "Aliniambia papo hapo," alisema. "Mimi ndiye nilimzuia. Nilitaka nihakiki rejista kwanza. Kuchelewa ni kwangu." Alisema kwa sauti ile ile ya sabuni imekwisha. Mume wa Maria alimtazama muda mrefu, jirani yake wa Mkonze, mtu aliyekuwa akisali naye kanisa moja. Mimi nilifunga mdomo. Yeye alipewa onyo la maandishi, akiwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Mimi nikarudishwa kwenye mafunzo kwa miezi miwili na kisha nikathibitishwa kazini.

Nilipotaka kuzungumza naye juu ya jambo hilo, alinizuia. "Wangekufukuza, na ungekwenda kuuza vocha, na damu ingebaki na watu wasiojua kuogopa. Mimi ndiye nilisahau kuuliza. Tugawane." Mgawanyo haukuwa sawa, na tulijua wote wawili. Maria aliruhusiwa kurudi nyumbani. Kabla ya kuondoka aliniita kitandani kwake, akaniambia kwamba mtoto atamwita Anjela, jina langu, kwa sababu watu wote wa wodi walimwambia kwamba binti wa maabara ndiye aliyekuja mbio. Nilishukuru. Sijui niseme nini zaidi juu ya hilo, nilishukuru.

Nilihamishwa mwaka wangu mmoja pale ulipotimia, nikaenda mikoa mingine, nikasoma, nikarudi Dodoma mwaka juzi kwa ajili ya uzamivu huu. Nilimtembelea Mzee Ndahani mara tatu tu. Nyumba ya Maria iko ng'ambo ya njia, mita zisizofika hamsini kutoka kwake. Mara ya tatu, mkewe, akinipakulia, alisema kama jambo la kawaida kwamba wale wa ng'ambo hawajawahi kukanyaga hapo tangu mwaka ule wa hospitali, si kwa harusi ya mtoto wala kwa krismasi, na kwamba mzee huwasalimu kila asubuhi naye haitikiwi. Mzee Ndahani aliendelea kula. Nami niliendelea kula.

Msibani nilimkuta Maria nje ya uzio, amesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa jirani pamoja na kijana wa kike mrefu. Alikuwa amekuja kwa sababu mtaa mzima umekuja, lakini hakuingia. Alinitambua mara moja. "Anjela, huyu ndiye wajina wako," alimwambia bintiye. "Mwamkie." Binti akasema shikamoo, nikaitika marahaba. Nikamwomba Maria tusogee pembeni. Nikamweleza yote kwa mpangilio: kengele, bomba, hesabu zangu, muda wangu wa majaribio, na nani aliyesema nini mbele ya metroni. Sikuomba radhi katikati ili nisije nikamlazimisha kuniitikia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Dakika nne ni damu kiasi gani?"

Nikamwambia kwamba kwa mwendo uleule wa matone, pengine vijiko vinne vya chai.

"Na yeye hakukuzuia?"

"Hakunizuia hata kidogo. Alinisukuma nije."

Alitazama upande wa nyumba, kule wanawake walikokuwa wameketi na mjane. Nilisubiri aseme jambo juu yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi.

"Ungeniambia akiwa hai," alisema. "Miaka yote hii alikuwa ananisalimu."

Akamkabidhi bintiye mkoba wake, akavuka uzio, akapita katikati ya wanaume waliokuwa kwenye viti bila kumsalimu mtu. Mlangoni alivua kandambili, akaziweka pamoja na za wengine, akaingia kwa mjane.